Kidole cha Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Siku imefika! Asubuhi Mkurugenzi alitukusanya boharini, katikati ya magodoro ya futi sita, akatangaza kwamba Ijumaa anamthibitisha mkuu wa bohari. Moyo ulitaka kunitoka. Nimekikaimu cheo hicho muda mrefu mpaka "Kaimu" limekuwa jina langu la ukoo. Mafundi cherehani wananiita Kaimu. Mlinzi wa getini ananiita Kaimu. Mke wangu akinikasirikia, naye huniita Kaimu.

Mshindani nina mmoja tu. Nadhifu. Karani mwenzangu. Anapiga pasi mpaka leso. Anafika kazini mlinzi hajamaliza kupiga mswaki. Simpendi, na sioni haja ya kuficha.

Sasa balaa. Mkurugenzi anasema wiki hii ataangalia jambo moja tu: nani anaingia kazini kwa wakati. Kwa wakati! Mimi na asubuhi hatujawahi kupatana. Zamani haikuwa shida. Kulikuwa na daftari la mahudhurio, na hapa kwetu kusainiana ni udugu. Ukichelewa, mwenzako anakuandika. Akichelewa yeye, unamwandika. Hakuna aliyewahi kukosekana kazini. Kuna mpakiaji wetu mmoja alifariki, tukamzika, akaendelea kuhudhuria wiki nzima. Hapo ndipo Mkurugenzi alipoanza kuingiwa na mashaka.

Basi daftari limetupwa, umeletwa mfumo wa kompyuta. Na mfumo umekuja na mwenyewe: mwanamke mpole, begi kubwa, sauti ndogo, mtaalamu wa usalama wa mitandao. Nimembatiza Dada Kufuli. Alitueleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Mfumo hauamini kwamba wewe ni wewe mpaka utoe mambo matatu. Unachokijua, yaani neno la siri. Ulicho nacho, yaani simu yako, ambayo italetewa namba ya kupita. Na ulivyo, yaani alama ya kidole chako. Nadhifu, kwa kujipendekeza, akauliza kwa nini yote hayo. Dada Kufuli akajibu kwamba mtu anaweza kukuibia kimoja, lakini kukuibia vyote vitatu ni kazi.

Kuiba, sawa. Lakini kuazima je? Nilijiuliza tu. Kimoyomoyo.

Kila mtu awe ameingia kwenye mfumo kabla ya saa mbili asubuhi. Sisi wenye laptopu za kazi tunaruhusiwa kuingia hata tukiwa nyumbani, kwa sababu maagizo ya maduka yanaanza kumiminika mapema. Kidole changu kilisumbua. Gundi ya magodoro imenila ngozi, mashine ikagoma, ikagoma, kisha ikakubali kwa shingo upande. Dada Kufuli akanishauri niende nyumbani, ninawe vizuri, nisajili kidole cha akiba kwa utulivu kwenye laptopu yangu. Mwanamke mwema. Hajui alichokisema.

Nyumbani nimefanya ujinga. Mke wangu aliuliza siku ilikuwaje. Nilikusudia kusema kwamba Ijumaa watathibitisha. Ulimi ukasema wameshanithibitisha. Sijui uliteleza vipi! Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama kabla hajanizoea. Nikashindwa kurudisha maneno kinywani. Kufumba na kufumbua yuko nje na simu, anamwambia mama yake. Mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza.

Lazima nikipate cheo hiki. Lazima!

Jumanne, 4 Juni

Mimi ni mtu wa akili sana. Naandika hivi bila majivuno.

Mpango ni huu. Sebuleni kwangu analala shemeji, mdogo wa mke wangu. Alikuwa na kibanda cha kutoa fotokopi, mashine ikafa, akaja kwetu kupumzika siku mbili tatu na bado anapumzika. Kasoro yake kubwa ni kwamba anaamka alfajiri. Anaamka, anafagia, anachemsha chai, kisha anakaa akiutabasamia ukuta. Uamkaji wote huo unapotea bure! Ndani ya nyumba yangu!

Jana jioni nilimketisha mbele ya laptopu. Kidole cha akiba, nikamwambia, weka dole gumba hapo. Akaweka. Mashine ikakipenda papo hapo, kidole laini, hakijaona gundi maisha yake yote. Nikampa neno la siri. Nikamwachia simu yangu mezani. Akauliza, kwa upole wake ule, kama jambo hili ni halali. Nikamwambia ndugu ni kufaana. Akasema basi sawa, shemeji.

Leo nimelala mpaka jua likanigusa pua. Usingizi mtamu! Nimefika bohari kwa mlango wa nyuma, ule wa kushushia mizigo, nikatokea katikati ya magodoro nikijipangusa vumbi kama mtu aliyekuwepo tangu mapema. Kwenye ubao wa mahudhurio jina langu ni la kwanza. La kwanza! Nadhifu wa pili. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nilitamani nipige picha, ila simu ilikuwa nyumbani.

Mkurugenzi alipita akanipa kichwa. Yaani aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima. Kwangu mimi!

Jambo moja dogo linanikereketa. Jioni shemeji ameniambia kwamba akishaingia anaona ujumbe wa madereva na wa maduka umejaa, wote wanauliza, na hakuna anayewajibu. Anawaonea huruma. Nikamwambia asihangaike, ila wakizidi sana awajibu "sawa" tu. Sawa, basi. Neno moja. Neno moja litaharibu nini?

Jumatano, 5 Juni

Sielewi kinachoendelea.

Nilipofika, dereva wa lori la bluu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akanishukuru kwa maneno niliyomwandikia kuhusu mtoto wake. Maneno gani? Mtoto yupi? Nikasema ni wajibu wangu. Akaniambia homa imeshuka. Nikasema ndiyo, hivyo ndivyo homa zilivyo.

Halafu nikaona ajabu. Madereva hawagombani! Kila asubuhi hapa kwetu ni matusi, kila mmoja anataka apakie kwanza, na mimi kwa kawaida hujificha nyuma ya mito mpaka wamalize. Leo wamepanga foleni kama wanafunzi. Nikauliza kulikoni. Wakacheka, wakasema wanafuata agizo langu: anayekwenda mbali anapakia kwanza. Agizo langu! Na lina akili!

Mkurugenzi kaja mwenyewe. Anasema amesoma ujumbe wangu wote wa asubuhi, hakujua kama nina utu namna ile. Amependa hasa ule ushauri wangu kuhusu magodoro yaliyolowa. Akaniomba nimweleze zaidi, hapo hapo, mbele ya Nadhifu. Jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi. Nikamwambia suala la ulowevu ni pana. Akasubiri. Nikaongeza kwamba maji ni maji. Akaondoka akitikisa kichwa, sijui kwa kuridhika au vipi.

Nadhifu hajaridhika. Alisogea karibu, ananukia sabuni, akauliza tangu lini ninaandika "tafadhali". Tangu lini ninaandika "pole kwa kusubiri, ndugu yangu". Nikamwambia mtu hubadilika. Akasema ndiyo, ila si wewe.

Ilibidi nijue nilichokiandika. Nikaazima simu ya mlinzi nikapiga namba yangu. Mlinzi akauliza nampigia nani. Nikamjibu, najipigia. Akanitazama. Nyumbani nikapokea, yaani shemeji akapokea. Akaanza kunisomea, na kila akisoma nazidi kuchoka. Ujumbe mrefu! Wenye salamu! Nikafoka, si nilikwambia useme "sawa"? Akajibu kwamba aliona "sawa" peke yake ni ukavu, watu wangedhani nimekasirika.

Ila subiri, yapo mabaya zaidi. Mfumo ulidai neno la siri jipya. Dada Kufuli alishauri watu watumie sentensi ndefu, basi shemeji akaweka sentensi ndefu: Chai ya asubuhi haina mpinzani. Mfumo ukadai pia majibu ya maswali ya utambulisho, endapo siku moja mwenyewe atakwama. Mwalimu wako wa kwanza, mnyama uliyemfuga, kitu ulichokiogopa utotoni. Shemeji akajibu yote. Kwa ukweli. Nikamuuliza, ukweli wa nani? Akashangaa. Akasema wa kwake, angewezaje kujibu ukweli wa mtu mwingine?

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Mkurugenzi ametangaza kwamba kesho, kabla ya kumthibitisha mtu, sisi wenye laptopu tutaingia kwenye mfumo mbele yake, mmoja mmoja. Nasikia Nadhifu ndiye aliyempa wazo hilo. Fitina! Dada Kufuli akaongeza kwamba kidole kikigoma, basi mtu ataulizwa maswali yake ya utambulisho. Alisema hivyo huku akitabasamu, kama anayetutangazia likizo.

Nimekaa ghorofani juu ya rundo la magodoro nikapiga hesabu ya hali yangu. Simu ninayo, nitaichukua kesho. Neno la siri nimeambiwa. Kidole changu kimesajiliwa, kibovu lakini ni changu. Kwa hiyo hakuna la kuogopa. Hakuna! Mbona basi narudia hesabu mara ya nne?

Jioni nimenawa mikono kwa limau, kwa majivu, kwa mafuta ya nazi ya mke wangu. Kidole kimelainika, kinateleza kama samaki. Ila mwenye busara hujiandaa na shari, kwa hiyo nikamketisha shemeji nisome utoto wake. Mwalimu wake wa kwanza walimwita Mwalimu Chaki. Alifuga sungura, akamwita Meneja. Nani duniani anamwita sungura Meneja? Alichokiogopa ni bata mzinga, aliyemkimbiza, shemeji amevaa suruali fupi nyekundu, mpaka akapanda juu ya tangi la maji. Alisimulia mpaka macho yakamlowa kwa kucheka. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nakariri. Chaki, Meneja, bata mzinga. Chaki, Meneja, bata mzinga.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Baadaye alinijia jikoni akanigusa bega. Akasema tangu mdogo wake aje hapa sijawahi kumuuliza neno moja la maisha yake, na leo nimekaa naye jioni nzima. Akasema nimekuwa mtu mwingine tangu nithibitishwe.

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Maneno yalifika kooni yakaona giza, yakarudi.

Ijumaa, 7 Juni

Nitaandika kama lilivyotokea, nisipandwe na presha.

Nilichelewa kuamka. Shemeji alikuwa ameshaingia kwa niaba yangu kama kawaida. Nikanyakua simu, nikakimbia. Nje ya kiwanda malori yamejipanga, injini zinaunguruma, yanasubiri. Leo kulikuwa na mzigo mkubwa wa hospitali, vitanda vinangojea magodoro, na mzigo hautoki mpaka akaunti ya bohari iidhinishe. Akaunti yangu mimi.

Ofisini kwa Mkurugenzi wamekaa wote. Nadhifu alitangulia. Neno la siri, taf! Simu, taf! Kidole, taf! Alirudi kwenye kiti chake akanyoosha tai.

Zamu yangu. Neno la siri nikalikosea mara ya kwanza. Nikalikosea mara ya pili. Mara ya tatu likapita, na nilimsikia Mkurugenzi akishusha pumzi. Ananitakia mema! Simu ikalia, namba ikaja, nikaiandika. Nikaweka kidole. Mashine ikawaka nyekundu. Nikakifuta kwenye suruali nikaweka tena. Nyekundu. Nikaweka cha pili, nikaweka cha mwisho, nikaweka kile cha mkono mwingine. Nadhifu akauliza kama nina mpango wa kuvua viatu.

Dada Kufuli akasogea akatazama. Akasema kwa sauti yake ndogo kwamba jana alisafisha mfumo. Kidole cha kwanza kilikuwa hakisomeki na hakijatumika tangu Jumatatu, kwa hiyo amekifuta, amebakisha kile kizuri cha akiba, ambacho ninakitumia kila asubuhi. Niweke hicho.

Niweke hicho! Hicho kiko nyumbani kinafagia!

Nikasema nimeumia. Akauliza wapi. Nikasema ndani kwa ndani. Nikajaribu njia nyingine: neno la siri nimelijua, simu ninayo, viwili kati ya vitatu si vinatosha kwa mtu mnayemjua? Dada Kufuli akajibu kwamba simu hata mwizi anayo. Akasema haya, tuje kwenye maswali.

Nilikuwa nayajua! Mungu ni shahidi, usiku nimeyaota. Lakini Mkurugenzi ananitazama, injini zinaunguruma nje, na kichwa changu kikawa kama godoro, laini na tupu. Dada Kufuli akauliza nilifuga mnyama gani na aliitwaje. Nikajibu nilifuga bata mzinga akiitwa Mwalimu Chaki. Akauliza, basi mwalimu wangu wa kwanza ni nani. Nikasema Meneja. Akauliza niliogopa nini utotoni. Nikaona sungura mwekundu amevaa suruali, nikalia machozi.

Mashine ikaandika kwamba hainitambui, ikajifunga. Pii!

Mkurugenzi akauliza taratibu, basi wewe ni nani? Nikasema, mimi ni Kaimu. Hakuna aliyecheka. Dereva wa lori la bluu akachungulia dirishani kuuliza kama leo wanapakia au warudi, maana hospitali wanapiga simu.

Ilibidi niseme. Nikasema mwenye kidole yuko nyumbani. Mkurugenzi akamtuma mlinzi na gari la kiwanda. Tukasubiri; Nadhifu akatoa leso yake iliyopigwa pasi, akaifuta mashine pale nilipoigusa.

Shemeji akaja na kandambili, unga wa chapati bado uko kwenye nyusi. Akasalimia kila mtu, mpaka Nadhifu akamwamkia. Dada Kufuli akaifungua mashine iliyojifunga. Shemeji akapangusa dole gumba, akaliweka. Kijani! Mara moja! Akaulizwa maswali, akajibu huku anatabasamu. Akaidhinisha mzigo, akawaandikia madereva samahani ya kuchelewa. Tukayasikia malori yakiingia moja moja, hakuna ugomvi.

Mkurugenzi akamuuliza kama ni yeye aliyeandika ujumbe wote ule. Shemeji akanitazama kwanza. Naandika jambo hili kwa haki: alinitazama kwanza. Akasema shemeji yake alikuwa amechoka, akamsaidia kidogo tu, lawama ni za wote wawili.

Dada Kufuli alisema hili ni kosa kubwa na lazima liandikwe. Mkurugenzi akakubali liandikwe, kwa jina langu. Kisha akasema kwamba wiki hii bohari imekuwa na mkuu, na angependa mkuu huyo aendelee. Nadhifu alisimama, akasema na yeye je, yeye hajawahi kuchelewa hata siku moja. Mkurugenzi akamjibu kwamba ni kweli, ila madereva wanamkimbia.

Shemeji anaanza Jumatatu. Mimi nimehamishiwa kwenye kufunga magodoro kwa nailoni. Nadhifu alinipita kwenye ngazi, mara ya kwanza shati lake limekunjamana. Tulitazamana. Nilimwonea huruma, nikajichukia kwa kumwonea huruma.

Jumamosi, 8 Juni

Sikumwambia mke wangu. Nilimwomba shemeji naye asimwambie, akasema hataanza yeye, ila akiulizwa hatasema uongo. Ndugu gani huyu!

Mama mkwe alifika na mfuko mkubwa, amevaa nguo yake ya sherehe. Alinibusu mkono. Mama mkwe! Mimi! Akatoa shati jeupe na tai ya bluu, zawadi ya mkuu wa bohari. Akaniambia nilivae nije alione. Nikaingia chumbani, nikalivaa. Mikono ya shati ilifika kwenye kucha. Nikasimama mbele ya kioo nikafikiria kutokea dirishani. Dirisha lina nondo.

Nilipotoka, mlangoni alikuwa dereva wa lori la bluu na mwanawe aliyepona, amekuja kumpongeza mkuu mpya. Akanipita mimi na shati langu akamkumbatia shemeji.

Mama mkwe akauliza. Shemeji akajibu. Hakupunguza wala hakuongeza. Mama mkwe alikaa chini, akanitazama, akamtazama mwanawe, kisha furaha ikamshinda, akaanza kupiga vigelegele huku akijaribu kunionea huruma. Si rahisi kufanya vyote kwa pamoja, lakini alijitahidi. Nikavua shati. Lilimkaa shemeji kama alipimiwa.

Mke wangu hakupiga vigelegele. Aliondoa vyombo. Nilimfuata jikoni nikiwa na fulana yangu, nikaanza kumweleza kuhusu gundi na ngozi na jinsi mfumo usivyo wa haki. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema cheo hakimuumizi, watu huishi bila vyeo. Akasema Alhamisi aliponiona nakaa na mdogo wake, namuuliza kuhusu sungura, alikwenda chumbani akalia kwa furaha.

Akasema, kumbe ulikuwa unasoma mtihani.

Kisha akaendelea kuosha sahani. Nilisimama pale. Nilijisikia vibaya kuliko nilipofungiwa na mashine. Nilitaka kumwambia kwamba sehemu ya suruali nyekundu iliniingia moyoni kidogo, na ni kweli, lakini nani ataniamini tena? Sina cha kumwonyesha.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kwanza kwenye nailoni. Kazi ngumu. Nailoni inang'ang'ania mkono, mkono unang'ang'ania godoro, mwishowe tunafungwa wote. Nadhifu alipita akanionyesha namna ya kukunja pembe. Sikumwomba.

Shemeji amenijia mapema, na lile shati. Akaniita pembeni kwa heshima, akanisihi nisichelewe, kwa sababu hapendi awe yeye wa kuniandika. Akasema tukae kama zamani. Akaniletea chai. Iliniuma jinsi ilivyokuwa tamu.

Nimetafakari sana leo. Mtu lazima ajipime, ajue alipokosea. Nimejipima. Na sasa naona kosa langu liko wapi, wazi kabisa.

Dada Kufuli ametangaza kwamba vidole basi. Wiki ijayo wapakiaji na wafungaji wote wataingia kwa sura. Unasimama mbele ya kamera ya mlangoni, inakutazama, inakujua. Amesema sura haiazimwi. Alinitazama aliposema hivyo, nami nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama raia mwema.

Jioni nimempigia simu mdogo wangu. Tumbo moja, tumepishana mwaka tu, tangu utotoni watu wanatuchanganya, hata mama alikuwa akimpiga yeye kwa makosa yangu. Hana kazi kwa sasa. Na anaamka na majogoo! Ameshangaa kidogo, akauliza kama jambo hili ni halali. Nikamwambia ndugu ni kufaana.

Anaanza Jumatatu. Atasimama mbele ya kamera, ataingia, atafunga magodoro mpaka nifike. Safari hii nimefikiria kila kitu. Nimempa sharti moja tu, na nimemwapisha: akiwa kazini kwa sura yangu, asimtendee mtu yeyote wema.